Mfululizo wa Outlander kwa msomaji wa Nairobi: chapa ya kununua, pa kuanzia na pa kuruka

Swali la kwanza kuhusu mfululizo wa Outlander ni la uzito, tena uzito wa kilo: unabebeka kwenye matatu? Juzuu la kwanza linabebeka. La tano ni tofali. Vitabu tisa vya Diana Gabaldon, katika zile chapa ndogo za jalada jepesi, vikijumlishwa vinapita kurasa 8,000. Anayesoma kurasa 30 kwa siku, bila kupumzika hata Jumapili, ana kazi isiyopungua miezi tisa, muda wa kubeba mimba na kujifungua. Kabla hajatoa pesa na miezi hiyo, heri aambiwe wapi pana nyama, wapi pana mifupa, na ni chapa gani inayoweza kumfanya anunue kitabu kimoja mara mbili.

Hadithi ni hii. Mwaka ni 1945. Claire Randall, muuguzi aliyehudumia majeruhi wa Vita Kuu ya Pili, yuko Inverness, Uskoti, pamoja na mumewe Frank, mwanahistoria. Anapanda kilima cha Craigh na Dun (ni cha kubuni, usikitafute kwenye ramani), anagusa jiwe lililopasuka katika duara la mawe ya kale, na akizinduka ni 1743. Huko anakutana na Jamie Fraser, kijana wa nyanda za juu anayesakwa na askari wa Uingereza. Anakutana pia na Kapteni Jonathan Randall, mhenga wa mumewe, mwenye sura ya Frank na roho ya fisi. Na anajua jambo ambalo wenyeji wake hawalijui: tarehe 16 Aprili 1746, katika uwanja wa Culloden, watapigwa vita visivyofika hata saa moja, na maisha yao kama wanavyoyajua yataishia hapo.

Madukani vitabu hivi hupangwa kwenye rafu ya mapenzi, na rafu hiyo hupoteza wasomaji wa aina mbili. Anayetaka mapenzi ya haraka hukasirishwa na kurasa nzima za namna ya kuchemsha mizizi. Anayedharau mapenzi hapiti kabisa hapo, akakosa mojawapo ya riwaya za kihistoria zenye ufundi mwingi wa mikono. Claire na Jamie hufungishwa ndoa kabla kitabu cha kwanza hakijafika katikati, harusi ya haraka ya kumkinga Claire asikabidhiwe kwa Kapteni Randall. Yote yanayofuata, juzuu kwa juzuu, ni ndoa: nani kasema uongo, nani kauguza nani, shamba linalimwaje, mtoto wa nani analelewa na nani. Mapenzi yamo tele, na ya chumbani hayakufichwa, lakini mtu hadumu kwa kurasa elfu nane kwa ajili ya chumba cha kulala.

Tuje kwenye ununuzi. Kitabu cha kwanza kilitoka 1991 kwa majina mawili. Marekani kiliitwa Outlander, Uingereza kikaitwa Cross Stitch, na kwa miaka mingi jina hilo la pili ndilo lililokuwa kwenye jalada la chapa za Arrow. Nairobi hupokea vitabu vya mtumba vya pande zote mbili, kwa hiyo si ajabu kukuta Cross Stitch na Outlander vimekaa bega kwa bega kwenye turubai moja kando ya barabara ya Tom Mboya, kila kimoja na bei yake. Ni kitabu kile kile. Juzuu zinazofuata hazina mtego huo, majina ni mamoja pande zote: Dragonfly in Amber (1992), Voyager, Drums of Autumn, The Fiery Cross (2001), A Breath of Snow and Ashes (2005), An Echo in the Bone (2009), Written in My Own Heart's Blood (2014) na Go Tell the Bees That I Am Gone (2021). Andika orodha hiyo kwenye simu kabla ya kwenda mjini, maana juu ya majalada mengi jina la mwandishi ndilo kubwa, jina la kitabu dogo, na namba ya juzuu mara nyingi haipo.

Kati ya chapa hizo mbili kuna tofauti nyingine ndogo inayowachanganya wasomaji makini. Toleo la Marekani huanza 1945, la Uingereza huanza 1946. Ukubwa wa jambo hilo huonekana ukijua sheria ya mawe, na hapa siri moja lazima itoke, ingawa kitabu cha pili chenyewe huitoa ukurasa wa kwanza. Mawe hurudisha watu nyuma kwa takriban miaka 202. Kutoka 1945 unafika 1743. Kutoka 1968 unafika 1766. Na saa za pande zote mbili hutembea sambamba: ukikaa huku miaka ishirini, na kule ishirini imepita, aliyebaki amezeeka sawa na wewe. Hakuna kurudi Jumanne iliyopita kurekebisha kosa. Anayeanza na Cross Stitch huhesabu 1946 kutoa 1743, akapata 203, halafu juzuu za mbele zikasema 202, akadhani amesoma vibaya. Hajasoma vibaya, ni chapa yake inayochechemea mwaka mmoja.

Sheria nyingine za mawe mwandishi huzitoa kidogo kidogo, na ni vizuri kujua kwamba zipo, la sivyo baadhi ya matukio huonekana ya bahati tu. Uwezo wa kupita hurithiwa, si kila mtu anao. Wenye uwezo huyasikia mawe yakivuma kama mzinga wa nyuki. Vito vya thamani humlinda msafiri. Na kuna hatari ya kujaribu kuingia katika wakati ambao wewe mwenyewe tayari unaishi, jambo ambalo karibu limuue mhusika mmoja katika juzuu la nne. Hakuna mashine, hakuna fomyula. Nguvu ya mpango huu ni kwamba kuvuka kuna gharama, na kila anayevuka anaacha mtu nyuma.

Kwa kitabu cha mtumba, ukaguzi wa dakika tatu unatosha. Vitabu hivi vimeshikwa kwa gundi ya moto peke yake, havijashonwa, na kitabu chenye kurasa elfu moja na mia nne hupasuka uti katikati kabla ya mahali pengine popote. Kifungue katikati, kisha robo ya kwanza, kisha robo ya mwisho, ukiangalia kama karatasi zinacheza. Fuata namba za kurasa penye ufa, hapo ndipo karatasi hudondoka. Kisha nenda mwisho kabisa uone kama ukurasa wa mwisho una namba na kama sentensi inamalizika. Harufu ya unyevu iache hapo hapo kwa mwenye kitabu. Kuna pia nakala za kurudufu zinazouzwa kama mpya: picha ya jalada ina ukungu, mistari imeinama, wino unafifia kila baada ya kurasa kadhaa, na pambizo la ndani limekatwa hadi maneno yanamezwa na uti. Kwa riwaya fupi mtu angevumilia. Kwa kitabu chenye wahusika mia, ukurasa mmoja uliopotea unaweza kuwa ndio ulikuwa na kifo cha mtu.

Uti uliopasuka hutibika. Gundi nyeupe ya mbao, brashi nyembamba, tabaka jembamba ndani ya ufa, kisha kitabu kifungwe kwa karatasi ya nailoni na kulaliwa na kitu kizito usiku kucha. Ukizidisha gundi, karatasi hujikunja na ufa mpya hutokea pembeni ya ule wa zamani. The Fiery Cross ina dawa nyingine ambayo wapenda vitabu huiona dhambi: wembe mpya, kata kwenye mpaka wa sehemu moja na nyingine (kitabu kimegawanywa kwa sehemu zenye vichwa), vifanye vitatu, kila kipande kipewe jalada la manila. Hapo kinaingia kwenye mkoba. Anayetaka kipya aulize duka kama Text Book Centre, ila apige simu kwanza na ataje jina la juzuu, si jina la mfululizo, maana akisema tu "ile ya Outlander" anaweza kwenda kuchukua la nne.

Kuhusu usomaji wenyewe, kuna funguo moja ambayo ingepaswa kuchapishwa kwenye jalada. Kitabu cha kwanza chote kinasimuliwa na Claire, kwa "mimi". Kuanzia cha pili, sauti huongezeka: palipo na "mimi" bado ni Claire, palipo na "yeye" kamera iko begani mwa mtu mwingine, iwe Jamie, Brianna bintiye, Roger mpenzi wa Brianna au afisa Lord John. Mabadiliko huja sura kwa sura bila tangazo. Mtu akishika hilo, nusu ya malalamiko ya "sielewi tuko wapi" huisha.

Nusu nyingine huisha akionywa kuhusu mwanzo wa Dragonfly in Amber. Kitabu cha kwanza humalizika 1744, ghafla cha pili kinafunguka 1968, Claire ana nywele za mvi mbili tatu na binti wa miaka ishirini. Kila mtu hufikiri ameruka kitabu. Hajaruka. Claire anasimulia ya nyuma, na baada ya sura chache tunarudi Ufaransa ya Louis XV, ambako Claire na Jamie wanajaribu kuzuia uasi utakaoishia Culloden kabla haujaanza. Sehemu hii ya Paris ndiyo nzito zaidi katika vitabu vitatu vya kwanza: karamu, mvinyo, barua zilizosimbwa, mabwana wenye majina marefu. Vumilia kwa ajili ya hospitali ya masista na duka la dawa la Master Raymond. Uskoti ukirudi, kitabu kinakimbia hadi mwisho.

Voyager ndiyo kilele. Inaanza uwanjani Culloden, risasi zikiwa zimenyamaza, na hapo mwandishi anafanya jambo la werevu: vita vyenyewe havikuonyeshwa. Kitabu cha pili kilikomea kabla yake, cha tatu kinaanza baada yake, na msomaji anavijua kwa majeraha tu. Kinachofuata ni miaka ishirini ya watu wawili, mmoja karne hii na mwingine karne ile, hadi duka la uchapaji la Edinburgh. Anayetaka kuacha mfululizo akiwa ameshiba aache hapa. Vitabu vitatu hivi ni mlo kamili, na hakuna aibu kunawa mikono.

Drums of Autumn inawahamishia Carolina Kaskazini, 1767, na ni nzuri kwa anayependa ujenzi wa nyumba na misitu. The Fiery Cross ndiko wasomaji wengi hufia. Siku ya kwanza peke yake, kwenye mkutano wa Waskoti mlimani, inakula zaidi ya kurasa mia moja: nepi, kahawa, wageni, mzozo wa kasisi. Isome kama unavyohudhuria harusi ya mashambani ambako hujui nusu ya watu. Shika nyuzi mbili tu, ndoa zinazopangwa na tangazo la gavana dhidi ya waasi, mengine yapite. Nyuzi hizo zinafika kwenye mapigano ya Alamance ya 16 Mei 1771, tukio la kweli, na pale kitabu kinalipa deni lake lote. A Breath of Snow and Ashes ina kurasa nyingi vivyo hivyo lakini ina kisa, inasomeka haraka mara mbili. Ya saba, nane na tisa ni za waliokwisha nasa: Saratoga, Monmouth, Kings Mountain, familia kubwa, wajukuu. La kumi, lililotangazwa kuwa la mwisho katika hadithi ya wawili hawa, wasomaji bado wanalisubiri.

Pembeni kuna vitabu vya Lord John Grey, afisa wa Kiingereza. Vinaweza kurukwa vyote bila hasara kwenye mkondo mkuu, ila The Scottish Prisoner (2011) inastahili. Isome baada ya Voyager, si kabla. Ukiitanguliza inakuharibia.

Mahali mfululizo huu unapowazidi wenzake ni tiba. Gabaldon ana shahada ya uzamivu ya ikolojia, na inaonekana. Claire hatibu kwa miujiza, anatibu kwa alichonacho: gome la mwerebi (willow) kwa maumivu, kitunguu saumu na pombe kali kwa vidonda, maji yaliyochemshwa kwa kila kitu. Begani anabeba kovu la chanjo ya ndui, na msomaji wa hapa, mwenye alama yake ya BCG mkononi, ataelewa upesi kuliko wengi kwa nini kovu kama hilo linafichua siri kubwa katika kitabu cha kwanza. Juzuu la tano linamwonyesha akiotesha ukungu wa mkate ili apate penisilini, na sehemu hii imeandikwa kwa uaminifu: ukungu mwingi si ule unaotakiwa, hadubini inahitajika, dozi haipimiki, na hakuna sindano. Sindano inapatikana kwa jino la nyoka mwenye sumu, lenye tundu tayari. Katika la sita anatengeneza etha, dawa ya kumlaza mgonjwa, na hatari ya kitu kinachowaka karibu na mshumaa haikusahauliwa. Lizzie, msichana mtumishi, ana malaria inayomrudia kila mara, na uwindaji wa gome lenye kwinini utasomwa Nairobi bila maelezo ya ziada.

Lugha ni kizuizi cha wiki moja hivi. Waskoti wa kitabu husema ken kwa kujua, bairn kwa mtoto, kirk kwa kanisa, wee kwa kila kidogo. Ukiona kitenzi kina mkia wa -na, kama dinna, canna, wouldna, hicho ni kikanushi kilichohamia nyuma. Laird si bwana wa kifalme, ni mwenye ardhi na watu wanaoishi juu yake. Laoghaire hutamkwa Liiri. Sassenach, jina analoitwa Claire tangu siku ya kwanza, ni Mwingereza, mgeni asiyeaminika, na linavyogeuka kuwa jina la kubembeleza ndivyo "mzungu" linavyoweza kugeuka mdomoni mwa shemeji baada ya miaka kumi. Maneno ya Kigaeli katika kitabu cha kwanza yana makosa, mo duinne ikiwa mfano maarufu. Baadaye Jamie husema mo nighean donn, msichana wangu wa nywele za kahawia, na hiyo ndiyo sahihi.

Kitabu cha sauti kinasaidia sana hapa. Davina Porter husoma lafudhi zote na masikio huzoea mapema kuliko macho. Juzuu la kwanza ni zaidi ya saa 30. Mtu wa Rongai anayekaa barabarani saa tatu kwa siku analimaliza kwa takriban siku kumi na moja za kazi. Pakua nyumbani kwenye waifai, si kwa bando. Udhaifu wake ni majina: ukisahau Hayes ni nani huwezi kupekua. Nakala ya kielektroniki ndiyo bora kwa hilo, unabonyeza jina, unatafuta lilipotajwa mara ya kwanza, unaendelea. Kwa vitabu vya tano na kuendelea, simu inashinda karatasi.

Umbali wa Uskoti na hapa ni mfupi kuliko unavyodhaniwa. Thogoto, pale Kikuyu, jina lake ni neno la Waskoti lililopita kwenye ulimi wa Kigikuyu, misheni yao ilipoweka kambi. Kirk ya kitabu ni ukoo mmoja na PCEA, kanisa la Kipresbiteri la hapa. Ukoo wa MacKenzie kwenye ngome ya Leoch, na wazee wake, wapangaji wake, mpwa asiyejulikana kama ni mrithi au tishio, hauhitaji kamusi. Na baada ya Culloden huja sheria: ya kunyang'anya silaha, ya kuwavua wakuu wa koo mamlaka ya kuhukumu, na ile ya mavazi ya 1746, iliyofanya kilt kuwa kosa. Kosa la kwanza, jela miezi sita. La pili, kusafirishwa ng'ambo miaka saba. Haikufutwa hadi 1782. Lord Lovat, ambaye riwaya imemfanya babu yake Jamie, ni mtu wa kweli na alikatwa kichwa London 1747. Aliyefundishwa shuleni kuhusu kipande na Hali ya Hatari ya 1952 atasoma sura za mwanzo za Voyager, za pango, njaa na gereza, kwa jicho lingine.

Jicho hilo hilo ndilo litakalomgombanisha na juzuu la nne. Jamie, mtoto wa watu walioporwa ardhi, anapewa na Gavana Tryon ekari 10,000 milimani kwa sharti la kuleta watu wa kuikalia. Mlimani pana Wacherokee, wenyeji wa asili. Kwetu jambo hili lina jina, settla, na mashamba ya kugawia wanajeshi baada ya vita yanakumbukwa. Mwandishi anaona kejeli, anaigusa, halafu anaiacha, kwa sababu anampenda mno Jamie. Kwa Waafrika ni mbaya zaidi. Shangazi Jocasta ana shamba la River Run lenye watumwa, Claire anachukia, Jamie anakataa kurithi, na hapo dhamiri yao inatulizwa huku watumwa wenyewe wakibaki kama kivuli cha ukumbini: wanaleta chai, wanafariki, wanatoa dokezo la fumbo. Claire anaingia kwenye ubongo wa mgonjwa yeyote wa Kiskoti, lakini Phaedre, mtumwa anayemvisha nguo, anabaki kuwa uso mzuri. Yi Tien Cho, Mchina wa Voyager, kachorwa kama katuni. Ni kasoro za kitabu, si za karne ya kumi na nane.

Onyo la mwisho ni la ukatili. Mfululizo huu una ubakaji, wa wanaume na wanawake, mara nyingi kuliko hadithi inavyohitaji. Sura za gereza la Wentworth na abasia mwishoni mwa kitabu cha kwanza ndizo kali zaidi, maana tukio husimuliwa tena kwa undani baada ya kutokea. Jamie anampiga Claire mkanda katikati ya kitabu hicho hicho, na kitabu kinataka tuelewe. Wengi hawaelewi, nao wana haki. Juzuu la nne na la sita yana matukio mengine. Anayetaka kuruka anaweza kuruka, kisa hakikatiki. Mtoto wa sekondari asipewe kwa kuwa tu jalada lina maua.

Walioanza na kipindi cha televisheni cha 2014 wasirukie katikati ya vitabu kwa kudhani wanajua. Kuna mhusika ambaye televisheni ilimwacha hai kwa misimu kadhaa na ambaye vitabuni hapiti Culloden, na mambo yake yote ya Marekani hayamo. Anza mwanzo.

Kwa mfuko wa kawaida, nunua la kwanza peke yake, la mtumba. Likikushika, nunua la pili na la tatu kwa pamoja, maana mwisho wa la pili haukubali kusubiri hadi mshahara ujao. Na An Echo in the Bone isifunguliwe kabla la nane halijakaa kando yake mezani: inamaliza ikiwa imewaning'iniza karibu watu wote wa familia, na wasomaji wa kwanza walikaa hivyo kuanzia 2009 hadi 2014.